Kabla hujaisafirisha bia, mjue atakayeipokea

"Ya baridi au ya moto?" Hakuna mnywaji wa Tanzania asiyelijua swali hilo. Mhudumu hulitamka huku ameshageuka nusu kuelekea kaunta, na mzee wa meza ya jirani hujibu "ya moto" bila kufikiri, kwa kuwa ya baridi humsumbua kifua. Bia zetu zilizozoeleka huyavumilia mambo hayo. Zimechujwa hadi zikawa kama kioo, zimepashwa moto kiwandani ili vijidudu vife, uchungu wake ni mdogo, na zinauzwa upesi kiasi kwamba kreti haikai stoo muda mrefu.

Bia za viwanda vidogo hazina ngozi ngumu namna hiyo. Niliwahi kununua kopo moja la bia kutoka Ulaya katika duka kubwa la Dar es Salaam, ile aina inayoitwa IPA, ambayo sifa yake yote iko kwenye hopsi, yale maua machungu yanayotoa harufu ya maganda ya chungwa, embe na majani mabichi. Nililifungua nyumbani. Hapakuwa na chungwa wala embe. Palikuwa na utamu mzito kama asali iliyosahauliwa kabatini, na nyuma yake harufu ya boksi lililolowa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado miezi miwili mbele. Kisheria bia ile ilikuwa nzima; mdomoni ilishakufa. Aliyeipika hakukosea lolote, na hatajua kamwe kwamba kuna mtu Dar aliyemhukumu kwa kopo lile na hakununua la pili.

Nimeanza na kopo hilo kwa sababu mazungumzo kuhusu kuuza bia nje ya nchi huanza karibu kila mara na soko: wanywaji ni wangapi, kipato chao ni kiasi gani, ushuru ukoje. Hayo yote yana uzito wake. Lakini naamini swali linaloamua ni nani anaishika bia yako baada ya kutoka mikononi mwako, anajua nini kuihusu, na ana wanywaji gani wanaomwamini. Viwanda vilivyolijibu swali hilo kwanza vimefika mbali. Vilivyoliruka, hata vile vyenye bia bora na mamilioni benki, vimerudi nyumbani.

Bia huharibiwa na hewa, mwanga na joto. Hewa kidogo iliyobaki ndani ya chupa inakula harufu ya hopsi polepole, na joto huharakisha ulaji huo. Kanuni ya jumla ya wakemia ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, mabadiliko ya aina hii huenda kwa kasi kama mara mbili. Piga hesabu: bia iliyokaa kwenye friji la nyuzi 5, na nyingine iliyokaa stoo ya bati yenye nyuzi 30. Ya pili inazeeka kwa kasi inayozidi mara tano. Mwezi mmoja wa stoo ile ni kama miezi mitano ya friji. Sasa mkumbuke msafirishaji: bahari wiki kadhaa, bandari siku zake, ghala la forodha, ghala la wakala, kisha rafu ya duka chini ya taa. Umbali wa safari hii haupimwi kwa kilomita.

Watu wa miteremko ya Kilimanjaro wanalijua jambo hili bila maabara. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu, ikatiwa mso wa ulezi uliooteshwa, na gome la msesewe ndilo linaloipa uchungu, kazi ileile ifanywayo na hopsi Ulaya. Hunywewa ndani ya siku chache, maana chachu haisubiri mtu. Hakuna mama wa Marangu anayeota kuipeleka mbege yake Mwanza. Anaifahamu pombe yake na anajua mwisho wa safari yake uko wapi.

Wenye viwanda vidogo vya Marekani walianza kuota mbali kwa sababu nyumbani kulijaa. Viwanda vya bia nchini humo vimepita 9,000, na rafu ya duka haitanuki kwa kila anayekuja. Miongoni mwa walioota kwa sauti kubwa zaidi ni Stone Brewing ya California, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Greg Koch na Steve Wagner. Hawa hawakuwa wajinga wa suala la uzee wa bia; walikuwa walimu wake. Mwaka 2012 walianza kutoa bia ambayo jina lake lenyewe ni tarehe ya kuinywa, kama siku 35 tangu kutiwa chupani, na ikipita wanataka iondolewe rafuni. Watu wenye msimamo kama huo wakitazama Ulaya, hitimisho linakuja lenyewe: bahari itaua bia yetu, basi tukaipikie kulekule.

Julai 2014 wakatangaza kiwanda Berlin. Walichagua jengo la matofali mekundu la kiwanda cha zamani cha gesi, la mwaka 1901, kule Mariendorf kusini mwa jiji. Bajeti iliyotajwa ilikuwa dola milioni 25, na sehemu ya fedha ilichangwa na mashabiki kupitia intaneti. Siku ya kutangaza, jiwe kubwa liliangushwa juu ya rundo la bia za viwanda vikubwa ili zipasuke mbele ya kamera. Mimi tendo lile lilinichoma. Mgeni anafika katika nchi ambayo agizo la usafi wa bia lilitolewa Bavaria mwaka 1516, nchi yenye viwanda vya bia takriban 1,500, na salamu yake ya kwanza ni kuvunja chupa. Wajerumani wengi wasingeitetea bia ya bei rahisi, lakini ndiyo waliyonyweshwa na baba zao.

Kiwanda kilifunguliwa mwaka 2016, pamoja na mgahawa na bustani kubwa. Mwaka huohuo Stone walikuwa wanafungua kiwanda kingine Richmond, Virginia, na Oktoba walipunguza takriban asilimia 5 ya wafanyakazi wao. Aprili 2019 Koch alitangaza kwamba Berlin wanaiachia. BrewDog ya Scotland ikaichukua. Kwao, wakati Uingereza inahangaika na kujitoa Umoja wa Ulaya, kiwanda ndani ya Umoja kilikuwa na maana nyingine kabisa. Koch aliandika waziwazi kwamba huenda mradi ulikuwa mkubwa mno, wa kuthubutu mno na wa mapema mno. Aliwalalamikia pia mafundi wa ujenzi wa Ujerumani na gharama zilizopanda. Namwamini kuhusu ujenzi, maana kila aliyejenga ana hadithi ya fundi. Lakini fundi hakumzuia Mjerumani kunywa.

Bei ndiyo iliyomzuia, pamoja na mazoea. Kreti ya chupa 20 za nusu lita hupatikana Ujerumani kwa euro kati ya 10 na 20, na bia iliyomo ni nzuri. Serikali nayo haiikamui: chupa ya kawaida ya nusu lita inabeba ushuru wa chini ya senti 5. Baa nyingi zimefungwa kwa mkataba na kiwanda fulani kilichozikopesha fedha au samani, kama ambavyo kwetu friji na rangi ya ukuta hutoka kwa kampuni ya bia na mwenye baa anajua nini kinatarajiwa. Stone walikuja na makopo, wakati Mjerumani amezoea chupa ya kurudisha, na kopo linadai dhamana ya senti 25 kila moja. Walitenga dola milioni 25 ili bia yao inywewe ikiwa mbichi, haijazeeka. Wa kuinywa hawakuwahi kuwapata kwa idadi iliyotosha kulijaza jengo lile.

Weka pembeni yao Brooklyn Brewery. Steve Hindy alikuwa mwandishi wa habari wa shirika la AP katika Mashariki ya Kati, na alijifunza kupika bia nyumbani kutoka kwa wanadiplomasia wa Marekani waliowahi kufanya kazi Saudi Arabia, ambako pombe ni marufuku na mwenye kiu hujipikia. Aliporudi New York akaungana na jirani yake Tom Potter, mtu wa benki, na mwaka 1988 wakaanza. Bia iliyobeba jina la Brooklyn haikupikwa Brooklyn. Waliipikisha Utica, kaskazini mwa jimbo, katika matangi ya kiwanda kikongwe cha familia ya Matt. Kiwanda chao wenyewe Williamsburg kilifunguliwa 1996. Tangu siku ya kwanza, basi, walizoea kutumia mikono ya watu wengine bila kuona aibu.

Tabia hiyo ndiyo waliyosafiri nayo. Kule Sweden bia yao iliuzwa kwa kushirikiana na Carlsberg, kampuni kubwa ya bia, na nchi ile ikawa miongoni mwa masoko yao makubwa kabisa. Baada ya wanywaji kupatikana ndipo, mwaka 2014, wakafungua kiwanda Stockholm kwa ubia na Carlsberg haohao. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Brooklyn walikaa siku mbili zao kama wageni, wakazoeleka, kisha wakashika jembe kwenye shamba ambalo mwenyeji alishalifyeka.

Ipo sababu nyingine iliyoifanya Sweden kuwa laini kuliko Ujerumani, nayo haisemwi vya kutosha. Sweden bia yenye nguvu inayozidi asilimia 3.5 huuzwa madukani na shirika moja la serikali, Systembolaget, lenye maduka zaidi ya 400. Ukisikia "shirika la serikali lenye ukiritimba" unaweza kukimbia. Kumbe kwa kiwanda kidogo cha ugenini hapo ni pa heri: shirika haliruhusiwi kupendelea chapa yoyote, hakuna kampuni inayonunua rafu wala kugawa friji, na mteja anayeitaka bia isiyokuwa dukani anaweza kuagizishiwa. Halafu ushuru wake ni mkubwa na hutozwa kwa kiasi cha kilevi, haujali kama bia ni ghali au rahisi.

Ushuru wa namna hiyo hufanya jambo la ajabu. Tuseme bia ya kawaida ni shilingi 2,000 na ya kiwanda kidogo ni 6,000. Tofauti ni mara tatu, mnywaji anasita. Ongeza kila moja shilingi 4,000 za ushuru na usafirishaji. Sasa ni 6,000 kwa 10,000, haifiki hata mara mbili. Mzigo uleule umewalemea wote, lakini aliyekuwa ghali tangu mwanzo amelemewa kidogo. Ndiyo maana naona mwenye kiwanda kidogo akimbie nchi ambayo bia ni rahisi kama maji, hata ikiwa wanywaji ni wengi, na aitazame upya nchi ambayo bia yoyote ni ghali. Stone walikwenda kwenye bia nyingi, Brooklyn wakafanikiwa kwenye bia ghali.

Njia ya Brooklyn ina gharama yake, na sitaki kuificha. Anayekubeba anaweza kukumeza. Mwaka 2016 Kirin ya Japani ilinunua asilimia 24.5 ya hisa za Brooklyn, nusu asilimia tu chini ya kile kiwango cha robo ambacho chama cha viwanda vidogo vya Marekani kinakitumia kuamua nani bado ni mdogo na huru. Mtu anaweza kulitazama hilo kwa huzuni. Mimi naona bado walichagua wenyewe wanauza kiasi gani na kwa nani. Stone, waliotembea wakijinadi kwamba hawatauzwa kamwe, walinunuliwa na Sapporo ya Japani mwaka 2022. Sapporo walitafuta nini? Matangi. Walitaka pa kupikia bia yao ya Kijapani kwa ajili ya wanywaji wa Marekani, na viwanda vya Stone vya Escondido, California, na Richmond vikawafaa.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelishuhudia jambo la namna hii kwa macho yetu, ingawa kwa wakubwa. Mwaka 1998 kampuni ya bia ya Afrika Kusini ilifungua kiwanda kipya Thika kuuza Castle mbele ya Tusker. EABL, wenye Tusker, nao walikuwa na Kibo Breweries pale Moshi, wakijaribu kumnywesha Mtanzania. Miaka michache ya kuumizana ikaisha mwaka 2002 kwa makubaliano: Thika ikafungwa, Kibo ikaenda kwa TBL, kampuni ya bia ya Tanzania iliyokuwa mikononi mwa hao wa Afrika Kusini, kila upande ukapata asilimia 20 za mwenzake, na chapa zikaanza kupikwa kwa leseni katika matangi ya mwenyeji. Nyaraka za makubaliano yale zingeweza kuwa kitabu cha somo kwa Koch miaka kumi na miwili kabla ya jiwe lake.

Sasa viwanda vidogo vinachomoza huku kwetu, Nairobi zaidi ya kwingine. Mwishoni mwa 2024 Kenya ilianza kutoza bia kwa kilevi kilichomo: shilingi 22.50 za Kenya kwa sentilita (mililita 10) ya kilevi halisi, na shilingi 10 tu kwa wapikaji wadogo wanaojitegemea. Kwa chupa ya nusu lita yenye asilimia 5, ni shilingi 56.25 dhidi ya 25. Ni nafuu kubwa, na walioipigania wanastahili pongezi. Lakini nafuu hiyo haivuki Namanga. Ukivuka, unakutana na ushuru wa Tanzania, usajili wa lebo, na stempu ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, kama vile Kenya ina yake ya KRA na Uganda ina yake ya URA. Tuna umoja wa forodha tangu 2005, na bado chupa moja ikitaka kuuzwa Nairobi, Arusha na Kampala inahitaji stempu tatu za mamlaka tatu. Kwa kampuni yenye idara nzima ya kodi hilo ni usumbufu. Kwa mpikaji mwenye wafanyakazi kumi na wawili ni ukuta, na linaniudhi kuliko ushuru wenyewe, kwa kuwa halimwingizii mwananchi chochote. Viongozi wa Jumuiya wakitaka kuwasaidia wadogo waanzie hapo.

Na ukuta ukivukwa, mpikaji wa huku apeleke nini? Kwa maoni yangu, asipeleke IPA Ulaya. Hopsi zenyewe ameziagiza kutoka Bavaria au bonde la Yakima katika jimbo la Washington, Marekani; kuzirudisha zikiwa zimechoka ni kupeleka karafuu Pemba. Bia zinazosafiri vizuri zinafahamika. Wabelgiji huuza nje sehemu kubwa ya bia yao, na nyingi kati ya zile zenye jina ni nzito, zenye kilevi kikali na chachu hai ndani ya chupa, ambazo mwaka mmoja wa uzee huzitengeneza badala ya kuzivunja. Guinness walikwenda mbali zaidi: kwa nchi nyingi hutuma kiini kizito cha ladha, kikachanganywa na bia iliyopikwa hapohapo. Sehemu kubwa ya bia ni maji, na maji kila nchi inayo.

Mpikaji wa huku ana ulezi, mtama, asali ya Tabora, kahawa ya Kilimanjaro, ukwaju, na ana msesewe, ambao mnywaji wa Copenhagen hajawahi kuuonja. Bia nyeusi nzito ya kahawa na ulezi, asilimia 8 au 9, itavuka bahari ikiwa hai. Itakuwa ghali tangu mwanzo, kwa hiyo ushuru hautaimaliza. Ningependa kumwona mtu anajaribu uchungu wa msesewe kwa umakini, kwa vipimo, akiwaketisha wapikaji wa mbege mezani kama wataalamu wenye kulipwa.

Hata hivyo safari ya kwanza ningeifanya fupi. Arusha iko kwenye lori la siku moja kutoka Nairobi, ina hoteli zilizojaa watalii ambao kwao tayari wanakunywa bia za aina hii, na zina majokofu yanayofanya kazi. Ningepeleka shehena ndogo inayoweza kuisha kwa wiki sita, na ningeinunua mwenyewe chupa moja kila wiki kutoka kwenye rafu ili niionje.

Kabla ya hapo ningekwenda kumwona wakala. Si asubuhi, akiwa amefagia na kupanga. Ningekwenda saa nane mchana, mwezi wa Februari, bila kupiga simu, nimwombe anifungulie stoo, niinue kreti tatu za juu na kuweka kiganja kwenye chupa za kreti ya nne.